Niliyempokea Mlangoni mwa Pango

Najua utakavyosema. Utasema huyu binti amesoma sana, akakosa kazi, sasa kichwa kimeanza kumchezea. Sikulaumu. Nami nilijiambia hivyo kwa muda mrefu, tena kwa maneno makali kuliko yako. Nimeyapekua mambo haya upande huu na upande ule, nikitafuta mahali ambapo huenda macho yangu yalinidanganya au masikio yalisikia vibaya, na mahali hapo sijapaona. Yalitokea. Watu waliokuwa nami wako hai, na mmoja wao mpaka leo hapokei simu yangu.

Kwa asili sisi ni watu wa kaskazini, lakini mimi nilizaliwa na kukulia Kampala, katika kambi ya polisi, kwa kuwa baba alikuwa askari. Ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu, ingawa wenzangu chuoni walinicheka wakisema ni lugha ya kuwaamuru watu walale chini. Baba alipofariki tulihama kambini, mama akapanga nyumba ndogo nyuma ya soko la Nakawa. Tulibaki mama, kaka yangu Odong, na mimi.

Odong alikuwa kiongozi wa watembeaji. Usishangae, kazi hiyo ipo. Kuna kampuni ndogo pale Wandegeya, ofisi yake iko juu ya duka la kuchapisha, inayowapeleka watu wa mjini kutafuta baridi. Kampala haina baridi ya maana, na wapo watu wenye mishahara wanaotamani kuvaa sweta nzito na kuona pumzi yao ikitoka kama moshi. Basi kipupwe kinapofika, kati ya Juni na Agosti, kampuni huwachukua mpaka upande wa Kapchorwa, mlimani, kwenye majabali na mapango. Hawapiti njia zilizofyekwa kwa ajili ya watalii. Wanakata moja kwa moja kwenye vichaka na miamba, nyuma ya mtu anayeijua nchi hiyo.

Kipupwe kimoja Odong aliliacha kundi lake chini na kutangulia kuangalia kama ukingo wa jabali unapitika. Ukungu ukashuka. Hakurudi. Wenyeji walimtafuta, polisi walimtafuta, mbwa waliletwa. Haikupatikana hata kofia yake.

Mama alikataa kuweka msiba. Hakuna mwili, alisema, kwa hiyo hakuna msiba. Alihamishia godoro lake sebuleni, akaliweka nyuma ya mlango, ili Odong akibisha asije akakosa wa kumfungulia. Kila jioni alimtengea chakula, na kila asubuhi alikila mwenyewe kikiwa kimepoa, maana hakutaka kitupwe. Alikonda mpaka vazi lake la gomesi likaonekana kama limetundikwa kwenye msumari. Nami nikawa sitaki kitu kingine duniani, si kazi ya ofisini wala mchumba. Nilitaka kumrudisha Odong nyumbani, awe mzima au awe mfupa, mama apate kulala kitandani.

Kwa hiyo nilipomaliza shahada yangu nilikwenda Wandegeya kuomba kazi ya kaka yangu. Mwenye kampuni alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanichukua. Nadhani alinionea huruma, au aliogopa ningelia ofisini mwake.

Nilipangwa pamoja na Cherop, mwanamke wa huko huko mlimani, mwenye sauti nzito na mwepesi wa kucheka, aliyefanya kazi na Odong kabla yangu. Jina langu hakulitumia kamwe. Aliniita Kampala.

"Kampala, funga kamba ya kiatu."

"Kampala, hilo si jiwe la kukalia, hilo ni jiwe la kuanguka nalo."

Katika njia yetu kulikuwa na pango linalotoboa jabali kutoka upande mmoja hadi wa pili. Unaingia umesimama, katikati unatambaa kwa tumbo, unatokea kwenye kibaraza chembamba cha mwamba chenye korongo mbele yake. Wenyeji wana utaratibu wao wa kulipita, na Cherop aliushika kama sheria. Mtu mmoja hutangulia na kusimama nje, kwenye mlango wa kutokea. Wengine huingizwa mmoja mmoja, na kiongozi huja wa mwisho. Kila anayetoka lazima apokewe: unamshika mkono, unamwambia karibu, pole na safari. Kabla hajapokewa haondoki mlangoni. Kazi ya kupokea ilikuwa yangu.

"Lakini mwangalie usoni kwanza," Cherop aliniambia siku ya kwanza. "Mulika tochi, umjue ni nani, ndipo umkaribishe. Usikaribishe kofia. Usikaribishe koti. Uso."

"Kwa nini?"

"Mtu anaweza kuwa amejigonga, damu inamtoka, na yeye anacheka. Utajuaje?"

Kwa mtu mwingine jibu hilo lingetosha. Mimi nikipewa jibu moja huanza kuyahofia yale ambayo sikupewa. Nilimsumbua mchana kutwa, mpaka tulipokuwa tunachemsha chai akaniambia bila kunitazama, "Mapango haya watu walijificha humo na ng'ombe wao tangu zamani za vita vya wizi wa mifugo. Wengine hawakutoka. Wengine wamepotelea humo juzi juzi tu. Hawajui kama safari yao imekwisha. Ukimwambia mtu karibu, umempa kwenu pawe kwake. Umeridhika sasa?"

Akacheka. Nami nikacheka, lakini ile chai nilibaki nimeishika mpaka ikapoa.

Sasa inabidi nikueleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa. Mama alitulea kwamba mtu akirudi kutoka safari, hasa akiwa mkubwa wako, unapiga magoti, unapokea alichobeba, na unamkaribisha macho yakiwa chini. Humkodolei. Kumtazama usoni mtu anayerejea, mama alisema, ni sawa na kumwuliza yeye ni nani. Ni kumwambia kwamba ulishamsahau. Hivyo ndivyo nilivyompokea baba alipotoka zamu. Hivyo ndivyo nilivyompokea Odong kila alipotoka milimani, magoti yangu kwenye saruji na macho kwenye buti zake. Yeye alinitania akisema niinuke, nisije nikachafua shahada kabla sijaipata. Lakini siku nilipojisahau nikabaki nimekaa, alinuna mpaka kesho yake.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, mwezi wa Agosti. Kundi lilikuwa dogo: wachumba wawili waliokuwa wakigombana kwa kunong'ona tangu asubuhi, na Ivan, karani wa benki, ambaye Kiswahili chake alikiokota kwa mlinzi wa getini kwao.

"Banange, hii si pango," Ivan alisema tulipofika. "Hii ni koo. Inangoja kumeza mtu."

"Unaogopa?" Cherop akamwuliza.

"Mimi hapana ogopa pango. Mimi naogopa bosi yangu tu."

"Basi ingia, bosi wako hayumo."

Nilitangulia kama kawaida, nikatambaa, nikatokea kwenye kibaraza. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba korongo halikuonekana. Ungeweza kudhani kuna uwanja mweupe pale mbele na ukatembea. Alitoka yule binti, nikammulika, nikampokea. Akatoka mchumba wake. Akatoka Ivan, amejipaka tope mpaka masikioni.

"Toa hiyo taa, dada. Mimi si mwizi."

"Karibu, Ivan. Pole na safari."

"Safari gani? Mimi nimezaliwa mara ya pili huko ndani. Mama yangu akiuliza, mwambie ilikuwa kazi ngumu."

Akaenda kuungana na wenzake nyuma ya kona ya mwamba, wakaanza kugawana mkate. Nikabaki peke yangu namngoja Cherop.

Kwanza ulitoka mkono. Halafu mkono wa koti la mvua la manjano, na kwenye kiwiko kulikuwa na kiraka cheusi. Kiraka kile mama alikikata kwenye mwavuli wake mwenyewe uliovunjika. Mimi ndiye niliyemshikia kitambaa akishona. Hakuna duka lenye koti kama lile. Odong alilivaa siku aliyopotea.

Ungefanya nini? Kaa hapo ulipo uniambie, ungefanya nini? Tochi ilikuwa mkononi mwangu, inawaka. Maneno ya Cherop nilikuwa nayo kichwani, sikuyasahau, niamini. Lakini magoti hayakuningoja. Nilijikuta niko chini kwenye mwamba uliolowa, mikono miwili imeushika ule mkono baridi, macho yangu kwenye jozi ya viatu vilivyojaa maji.

"Karibu nyumbani, kaka," nilisema. "Pole na safari. Twende kwa mama."

"Asante," sauti ikajibu. "Nimefika."

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi. Nikainua macho.

Haukuwa uso wa Odong. Haukuwa wa kutisha pia. Ungekuwa wa kutisha ningepiga kelele, na pengine kelele ingesaidia. Ulikuwa uso wa mwanamume wa makamo, mashavu yamebonyea, ndevu zinadondosha maji, na alikuwa anafurahi. Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile. Midomo ilikuwa inamtetemeka kwa furaha. Alinigusa kichwa taratibu, kama mkubwa anavyomgusa mdogo aliyemwamkia vizuri, akapita, akaingia kwenye ukungu akifuata kibaraza. Nilisikia hatua zake, kisha sikuzisikia.

Cherop akatoka.

"Kampala, mbona uko chini?"

"Nani ametoka mbele yako?"

"Ivan."

"Baada ya Ivan."

"Nilikuwa nimeshika kisigino cha Ivan ndani humo mpaka mwanga ulipoonekana. Baada ya Ivan ni mimi." Akaitazama tochi iliyokuwa inamulika mawe. "Ulimwangalia usoni?"

Niliiokota tochi, nikaizima.

"Ulisema nini? Niambie neno kwa neno."

Nikamwambia. Cherop akakaa chini. Hakucheka, na hilo lilinitia hofu kuliko jambo lolote nililokuwa nimeona. Kutoka nyuma ya mwamba tukamsikia Ivan, mdomo umejaa mkate, akiuliza yule jamaa wa koti ya njano ni wa kampuni gani, maana alipita akasalimia vizuri sana.

Nilitaka kurudi mlangoni nichungulie ndani. Cherop alinivuta kwa kamba ya begi. "Tunaondoka," alisema. "Sasa hivi." Tukaondoka. Hilo nalo nimelifikiria sana, kwamba tuliondoka.

Kesho yake tulirudi Kampala. Nilipokaribia nyumbani nilisikia kicheko cha mama kikitoka mpaka nje, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Getini alisimama jirani yetu, Mama Zubeda, Mnubi ambaye babu zake walikuja na jeshi la wakoloni na ambaye habari za mtaa hupita kwake kwanza.

"Wewe binti, unatembea taratibu hivyo kama umebeba mayai? Kaka yako amerudi tangu asubuhi, Wallahi. Mama yako amechinja yule kuku aliyekuwa ananidonolea mchicha. Nimefurahi mara mbili."

"Umemwona?"

"Nimemwona. Mlima umemla sura kidogo," alisema, akapunguza sauti. "Lakini akipata chakula sura itarudi. Usimwulize maswali mengi kama kawaida yako."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Odong, koti la manjano limetundikwa mlangoni, anakula. Mama alikuwa amevaa gomesi ya sikukuu. Alinieleza yote kwa pumzi moja: kwamba aliteleza, akagonga kichwa, watu wa ng'ambo ya mpaka wakamwokota na kumtunza, akasahau jina lake mpaka juzi. Kila kitu alikisimulia mama. Mtu mwenyewe aliitikia kwa kichwa tu, huku akitafuna, na mama alimwongezea mchuzi.

Nilijitilia shaka, unadhani sikujitilia? Nililala na picha ya Odong chini ya mto. Nilipima masikio ya pichani na ya huyu, kwa sababu niliwahi kusoma mahali kwamba masikio hayabadiliki. Nilijiambia kwamba mateso hubadilisha sura, kwamba majirani wote hawawezi kukosea, kwamba mimi ndiye ninayeumwa. Na kitu kibaya zaidi ni kwamba alikuwa mtu mwema. Odong wetu, Mungu anisamehe, alikuwa haonekani nyumbani. Huyu alichota maji kabla hatujaamka. Aliziba paa. Alimsindikiza mama sokoni na kumbebea ndizi begani. Mama akanenepa. Siku moja nilikuta godoro halipo tena nyuma ya mlango.

Nilimkabili uani, mama akiwa kanisani. Alikuwa anafua mashuka.

"Wewe si kaka yangu," nilimwambia.

"Sijasema hata mara moja kwamba ndiye." Alijibu bila chuki, akikamua shuka. "Wewe ndiye uliyeniita kaka. Mama ndiye aliyeniita mwanangu. Mimi nimeitika."

"Ulikuwa wapi?"

"Ndani. Kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya kutoka. Kutoka si kugumu, dada. Ila ukitoka na hakuna anayekuambia karibu, unajikuta uko ndani tena, mwisho wa mstari. Watu wangu walikufa zamani, hakuna wa kusimama nje kwa ajili yangu. Siku ile ulisimama wewe."

"Na koti?"

Akalitundika shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe kwa makini kabla ya kujibu.

"Nilikuwa natetemeka. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akalivua akanivisha. Alisema yeye halihitaji, dada yake yuko nje, anamsikia akiongea na watu, na zamu yake ndiyo inayofuata."

Nyuma yake. Unaelewa? Kaka yangu alikuwa nyuma yake tu. Nami nilikuwa nimeshapiga magoti, nimeshasema maneno, nimeshavutwa kwa kamba ya begi na kuondoka.

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwambia kila kitu, kama ninavyokuambia wewe, na hakunikatiza. Nilipomaliza alitoa jiwe moja dogo kwenye maharage, akalitupa mlangoni.

"Unadhani sikumwangalia?" alisema. "Nilimzaa Odong. Namjua mpaka kucha za miguu."

"Kwa hiyo unajua?"

"Nililala mlangoni, mwanangu. Unakumbuka nililala mlangoni? Kila upepo ukisukuma bati, nainuka. Mbwa akijikuna, nainuka. Halafu siku moja mlango ukabishwa kweli, nikafungua, mtu akaniita mama." Akautikisa ungo. "Nikimfukuza huyu, ninarudi kulala pale. Siwezi tena. Usiniulize mara ya pili."

"Odong bado anangoja kule, mama."

"Basi wewe mngojee," alisema. "Mimi nimechoka."

Sikumwuliza mara ya pili. Kipupwe kilichofuata nilirudi Kapchorwa kwa gharama yangu, bila kundi. Cherop hakutaka hata kuniona. Alisema nilimtia aibu mlimani kwao, kwamba watu wanamwuliza ni nani aliyefungua mlango. Nilimfuata kutoka shambani mpaka jikoni kwake, kutoka jikoni mpaka kisimani, mpaka akachukua tochi yake kwa hasira. Tukakubaliana: yeye atakaa mlango wa kuingilia, mimi nitakwenda upande wa pili.

"Safari hii uso, Kampala," alisema. "Na ukiulizwa jambo, jibu upesi. Wakiwa mlangoni hawawezi kukaa."

Nilisimama kwenye kibaraza kile kile. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulifanya mchana uonekane kama kitu kilichofunikwa kwa shuka. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo nikasikia mtu anatambaa.

Ulitoka mkono mtupu, hauna koti, umejaa vipele vya baridi. Sikupiga magoti. Nilimulika uso, na uso ulikuwa wa Odong. Kovu la nyusi lilikuwepo, pengo la jino lilikuwepo, na masikio yalikuwa yale yale niliyoyapima kwenye picha. Alikuwa kijana kuliko nilivyomkumbuka. Mimi sasa nilikuwa nimemfikia umri. Alifinya macho kwa ule mwanga, akatabasamu.

"Umechelewa, mdogo wangu," alisema.

Nilifungua mdomo kumwambia karibu. Aliinua kiganja, kama mtu anayetaka kujua jambo moja kabla hajavua viatu.

"Mama bado ananingoja?"

Swali lilikuwa hilo tu. Mtoto mdogo angelijibu. Yeyote kati ya wale wachumba wa kugombana kwa kunong'ona angelijibu, Ivan wa benki angelijibu huku anatafuna. Mimi nilifikiri. Nilifikiri kwamba godoro halipo tena nyuma ya mlango. Nilifikiri kwamba nikisema ndiyo nitakuwa nimedanganya, na je, watu kama yeye huujua uongo wakiusikia? Nilifikiri akija atakaa wapi, na yule mwingine ataondokaje, na mama akimkuta mlangoni atasema nini, na kama atamwambia alichoniambia mimi. Sijui nilifikiri kwa muda gani. Kwa mtu mwingine labda ni pumzi moja.

"Ndiyo," nilisema.

Lakini alikuwa ameshanisoma usoni. Tochi ilikuwa inatumulika sote wawili.

"Haya," alisema kwa upole, kwa sauti ile aliyoitumia tulipokuwa wadogo na chakula hakitoshi, akasema yeye ameshiba. "Mwache apumzike. Msalimie."

Mkono ukarudi ndani. Nilimrukia, nikamkosa, nikajitupa kwenye lile tundu, nikatambaa nikimwita jina lake, nikisema ndiyo, ndiyo, anakungoja, sote tunakungoja, mpaka paji langu likagonga tochi ya Cherop aliyekuwa anakuja kutoka upande wa pili. Kati yangu na yeye hapakuwa na mtu.

Alinitoa nje kwa kunikokota. Kwenye stendi alinipa chupa ya chai ya njiani, akaondoka, na tangu hapo simu yangu haipokei. Nimerudi vipupwe vingine na watu wengine, nimesimama pale mpaka nikafukuzwa na mvua. Hakuna mkono unaotoka.

Siku hizi nimepanga chumba Wandegeya, nawapangia wanafunzi tasnifu zao ziwe tayari kuchapishwa. Kila Jumapili nakwenda Nakawa. Mama ana afya, analala fofofo mpaka jua linachomoza, na mwaka huu amesimama kanisani kutoa shukrani mbele ya watu wote, akanitaja mimi kuwa ndiye niliyemfungulia kaka yangu njia. Watu wakapiga makofi. Nikifika nyumbani, yule mtu anakuwa ametoka kazini au sokoni, nami napiga magoti na kumkaribisha macho yakiwa chini, na mama ananitazama kuona kama nimefanya vizuri. Nafanya vizuri. Namshukuru mama kwa malezi yale, maana yananiepusha kuuona ule uso.

Nawe unayesoma, huenda una mtu aliyekwenda na hajarudi, na huenda hujawahi kufika mlimani wala kuingia pangoni. Haidhuru. Waliopotea hawachagui mlango mmoja. Siku moja, mahali pasipotarajiwa, utaulizwa kama bado anangojwa. Usipime kama ni kweli. Usihesabu viti. Sema ndiyo kabla swali halijaisha, halafu mambo mengine mtayapanga akiwa ameshaingia ndani.